Kovu la Mfalme wa Ufaransa

Kitabu cha matukio cha kituo cha polisi kiliandikwa hivi asubuhi ya tarehe kumi na tatu Julai, mwaka wa 1989: "Saa nne na dakika kumi. Imeripotiwa kwa simu kutoka hoteli iliyo kando ya ziwa. Kichwa cha mwanamume, mzungu, umri miaka thelathini na minane, jina Luisi. Kiwiliwili hakijulikani kiliko. Kichwa nacho kimeibiwa."

Inspekta Wakoli aliisoma ripoti hiyo mara mbili akiwa amesimama. Katika miaka yake kumi na saba ya upelelezi alishaona mwili usio na kichwa, na mara moja, huko Bungoma, kichwa kisicho na mwili. Huyu wa leo alikosa vyote viwili. Wakoli akachukua glavu, kamera, Sajini Opiyo, konstebo mmoja na gari la kubebea maiti, wakashuka kuelekea ziwani huku king'ora kikilia mji mzima usikie.

Mlangoni mwa hoteli alisimama mzee mfupi mwenye tai ya kipepeo, akitokwa jasho utadhani kanyeshewa. Alikuwa Profesa Walter Ouma, mwenyeji wa shughuli yote.

"Marehemu aliuawa lini?" Wakoli aliuliza, kalamu ikiwa tayari.

"Mwaka wa 1793."

Kalamu ilisimama.

"Rudia."

"Tarehe ishirini na moja Januari, 1793. Asubuhi. Mjini Paris, mbele ya umati."

Wakoli aligeuka akawatazama vijana wa gari la maiti, ambao walikuwa wameshateremsha machela na kujipanga kwa heshima. Akawaambia waipakie tena na warudi kazini.

Mambo yalikuwa hivi. Mapinduzi ya Ufaransa yalikuwa yanatimiza miaka mia mbili, na wasomi sitini, wahadhiri na walimu wa Kifaransa na historia, walikuwa wamekutana Kisumu kwa kongamano la siku nne. Katika ukumbi mdogo waliandaa maonyesho: ramani, picha, bendera, na katikati, juu ya meza, kichwa cha plasta cha Mfalme Luisi wa Kumi na Sita, yule aliyekatwa kichwa na raia wake. Saa kumi jioni mgeni wa heshima kutoka ubalozini, Madamu Roussel, angekuja kukifunua. Saa nne asubuhi Profesa aliinua kitambaa cheupe ili awaonjeshe wenzake, na mfalme hakuwepo.

Penye kichwa palikuwa na tunda. Lilikuwa refu kama mkono wa mtu mzima, nene, la rangi ya majivu, na limelazwa kwa uangalifu juu ya meza ya mfalme.

"Sajini," Wakoli alisema, "chukua hicho kielelezo, ukitie kwenye mfuko."

Sajini Opiyo hakusogea. Alikuwa mtu mkubwa, mzee wa kanisa la Wasabato, na aliyewahi kumkamata jambazi mwenye panga kwa mikono mitupu.

"Mimi hiyo sigusi, afande."

"Kwa nini?"

"Mkono inauma."

"Mkono upi?"

Opiyo aliitazama mikono yake, mmoja baada ya mwingine. "Yote."

Wakoli akamgeukia konstebo, naye ni kijana wa Bondo, Mjaluo kama Opiyo. Konstebo akasema ana mafua. Inspekta aliguna, akalibeba tunda mwenyewe. Lilikuwa zito, na pale kwenye kikonyo utomvu ulikuwa bado mbichi. Limechumwa leo, akaandika. Yeye Mbukusu alilijua tunda hilo tangu utotoni kama kitu cha kuwaangukia mbuzi, basi. Kwamba askari wawili wazima waliliogopa ni jambo alilolihesabu kuwa uvivu.

Redio ya Land Rover ikakoroma. Alikuwa mkuu wa polisi wa wilaya.

"Wakoli, hiyo habari ya kichwa imefika kwa Mkuu wa Mkoa. Kikipatikana kabla ya saa kumi, vizuri. Kisipopatikana, Lokitaung kule jangwani kaskazini wanatafuta inspekta."

"Ndiyo, afande."

"Lokitaung kuna joto, Wakoli."

"Ndiyo, afande."

Si joto lililomtisha. Mkewe Milka, mwalimu, alikuwa ameomba uhamisho kuja Kisumu kwa miaka saba, na mwezi uliopita barua ilikuja. Wiki hii ndipo alipotundika mapazia. Kwa miaka saba Wakoli alikuwa amekula ugali peke yake, akiongea na redio. Hakuwa tayari kurudi kwenye maisha hayo kwa ajili ya mfalme wa plasta.

Alianza na Profesa.

"Kichwa kililetwa lini?"

"Jana jioni. Alikileta fundi, Bwana Harbhajan Singh. Na nikuambie ukweli, Inspekta, sikuridhika nacho."

"Kilikuwa na kasoro gani?"

"Kovu! Juu ya jicho la kushoto, linakata unyusi. Nimechunguza picha za Luisi wa Kumi na Sita kwa miaka ishirini na mbili. Hana kovu. Nikakataa katakata kutia sahihi fomu ya kupokea mali. Nilimwambia fundi arudi leo na msasa, alisugue litoke."

"Asubuhi hii, nani aliingia humu?"

"Hakuna mtu. Nilikaa hapo mlangoni kuanzia saa moja, nikipitia hotuba yangu."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna mtu kabisa."

"Una adui?"

Profesa alishusha sauti. "Dakta Jentrix. Jana alisimama mbele ya watu sitini, akasema kichwa hicho kitupwe ziwani."

Dakta Jentrix alikuwa mama mrefu mwenye miwani, aliyekuja na karatasi zake kwapani kana kwamba polisi nao wangetaka kusikiliza.

"Ulisema kitupwe ziwani?"

"Nilisema. Kwa nini tumpe mfalme meza ya katikati, na raia aliyekosa mkate abaki ukutani? Hiyo ni hoja."

"Ni hoja au ni kitisho?"

"Inspekta, tangu lini mtu akaitisha plasta?"

"Kati ya saa mbili na saa nne ulikuwa wapi?"

"Ukumbi mkubwa, nikisoma mada yangu."

"Kwa muda gani?"

"Nilipewa dakika ishirini." Akakohoa kidogo. "Nikasoma saa moja na nusu."

"Nani anaweza kuthibitisha?"

"Watu hamsini na wanane."

Wakoli aliwauliza wachache. Wote walithibitisha, na baadhi yao kwa uchungu. Wale waliokuwa wamesinzia walisema kila walipozinduka Dakta alikuwa bado amesimama palepale. Hakuna mshukiwa duniani aliyekuwa na ushahidi mzuri kuliko huo.

Jambo moja lilimshangaza. Kila msomi aliyemhoji alianza na kichwa, lakini baada ya dakika mbili alikuwa analalamikia kitu kingine.

"Na chai, Inspekta! Chai ya saa nne haikuja."

"Hata mandazi?"

"Hata sukari. Kongamano gani hili?"

Wakoli aliandika: chai haikuja. Akapiga mstari chini yake, bila kujua kwa nini.

Saa saba na nusu Harbhajan Singh aliingia na msasa wake kwenye mfuko. Alikuwa mzee wa kilemba cha buluu, mikono myeupe kwa vumbi la plasta ambalo halijamtoka tangu ujana. Nusu ya dari nzuri za Kisumu alikuwa amezipamba yeye.

"Mzee Harbhajan, kichwa kimeibiwa."

"Nimesikia. Pole kwa Profesa."

"Hebu nieleze kuhusu kovu."

Mzee aliutoa msasa, akauangalia, akaurudisha mfukoni.

"Kovu ilikuwa pale kutoka mwanzo."

"Mwanzo upi?"

"Inspekta, Profesa alinipa picha ya mfalme ndogo kama stempu. Akanipa wiki moja. Kichwa ya mtu haitoki wiki moja. Lakini nilikuwa na kalibu ya zamani, kwa rafu. Uso ya mtu. Nikamimina plasta, nikaongeza pua kidogo, nikamwekea nywele ya pamba ile ya wafalme. Nikasema, nani hapa Kisumu alimwona huyu mfalme?"

"Uso wa mtu gani?"

"Absalom." Mzee akaketi bila kuambiwa. "Alifanya kazi na mimi miaka kumi na moja. Siku moja tulikuwa tunajaribu plasta mpya, yeye akalala chini akasema, nimwagie mimi usoni, tuone kama inakauka haraka. Tulicheka mpaka tumbo ikauma. Kovu ilikuwa ya ubao, ilimwangukia kwa kazi yangu."

"Absalom yuko wapi sasa?"

"Mwaka wa 1983 nilimtuma Mbita, ng'ambo ya ziwa, kuna kanisa ilikuwa inataka dari. Alipanda mtumbwi Luanda Kotieno na mifuko yangu ya plasta. Ukapinduka. Walitafuta siku tisa. Hawakumpata mpaka leo."

Nyuma ya Wakoli, Sajini Opiyo alisafisha koo.

"Afande. Ile tunda."

"Mkono umepona?"

"Nisamehe, afande. Mimi ni mzee wa kanisa, nimekuwa nikiwaambia vijana wa kituo hayo mambo ni giza, tuachane nayo. Ningesema naogopa, wangenicheka mpaka nistaafu." Akavua kofia. "Hiyo ni yago. Kwetu Wajaluo, mtu akifia majini na asipatikane, hatuwezi kuacha kaburi bila kitu. Tunachukua yago, tunaivalisha, tunaililia kama yeye, tunaizika. Inakuwa ni yeye. Kwa hivyo hakuna mtu anaingiza yago kwa nyumba bure bure. Ukiiona imelazwa, ujue inashikilia nafasi ya mtu."

Wakoli alisimama. Sasa alijua kwa nini alipiga mstari chini ya chai.

"Mzee Harbhajan, Absalom aliacha mke?"

"Adero. Nasikia anafanya kazi ya hoteli."

Wakoli alitoka mbio hadi kwa Profesa. "Profesa, mama wa chai aliingia ukumbi mdogo asubuhi?"

"Yule? Ndiyo, alifagia na kupanguza meza."

"Mbona uliniambia hakuna mtu?"

Profesa alikodoa macho. "Uliniuliza kuhusu mtu, Inspekta. Huyo ni mama wa chai."

"Alitoka na nini?"

"Karai tu, limefunikwa leso. Tena lilikuwa zito, maskini, alikuwa anahangaika nalo. Nikamtwika mwenyewe." Profesa alijishika tai. Rangi ikamtoka usoni polepole. "Nilidhani ni mihogo," akasema.

Nyuma ya jikoni waliukuta mti wa yago, na chini yake ngazi ya kupangia masufuria. Konstebo aliyekuwa na mafua akaombwa aandike, na akaandika vizuri sana.

Nyumba ya Adero ilikuwa mtaa wa Manyatta, chumba kimoja cha udongo kilichopakwa chokaa. Wakoli alibisha hodi, Opiyo na Harbhajan nyuma yake. Sauti ya mwanamke ikasema karibuni.

Mezani, juu ya kitambaa cha kufuma, kilikaa kichwa. Nywele za pamba zilikuwa zimeng'olewa na pua imekwanguliwa kwa kisu hadi ikarudi kuwa pua ya mtu wa Usenge, kwao Absalom. Wasichana wawili waliketi mkekani mbele yake wakiwa na sare za shule, viganja mashavuni, wakitazama. Mama yao, mwanamke mwembamba mwenye aproni ya hoteli, alisimama na kuwapangusia wageni viti.

Sajini Opiyo akavua kofia kwa mara ya pili siku hiyo.

"Mama Adero," Wakoli alisema, "unajua tumekuja kwa nini?"

"Najua, afande. Lakini mimi sikuiba. Nilibadilisha."

"Ulibadilisha vipi?"

"Saa moja nilikuwa napanguza vumbi. Nikainua kitambaa." Akaishika aproni. "Nikaona baba Awino ananiangalia, amevaa nywele ya mwanamke. Kovu yake, mdomo yake. Nikakaa chini sakafuni. Yule Profesa akaniambia nisiketi kazini."

"Kwa nini hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Hapo wanaongea Kifaransa. Siku tatu nimewapelekea chai, hakuna mtu ameniuliza jina."

"Ulitaka kukizika?"

"Hapana. Alishazikwa, huko Usenge, tulizika yago. Kaburi iko. Sura ndio haikuwa." Aliwaonyesha wasichana kwa kidevu. "Hatukuwahi piga picha. Kitambulisho ilizama naye. Huyu Awino alikuwa na miaka miwili, huyu alikuwa tumboni. Kila siku wananiuliza, baba alikuwa anafanana nani? Mimi nasema, alikuwa mzuri. Sasa mzuri ni kitu gani kwa mtoto? Leo nikawatoa shule, nikawaambia, kujeni muone."

"Na lile tunda?"

Adero alimtazama Wakoli kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa mtoto.

"Afande, sikutaka kuacha meza ya watu tupu, nikaenda kuichuma, nikarudi nayo kwa karai. Sisi tulipewa yago, tukaambiwa itutoshe. Tumekaa nayo miaka sita. Mfalme wao alikufa zamani, hakuna mtu hapo anamjua. Nikasema, na Wafaransa pia itawatosha."

Harbhajan alikuwa amefika mezani, kidole chake cheupe kikigusa lile kovu.

"Mzee," Adero alimwambia, na sasa sauti yake ilikuwa na makali, "kumbe ulikuwa naye dukani siku hizi zote."

"Nilidhani ukiona utaumia."

"Niliumia kwa kutoona."

Mzee aliinamisha kilemba chake. "Mimi ndio nilimtuma, Adero. Kila mwaka nilisema nitakuja. Kila mwaka niliogopa."

Wakoli alitoa daftari lake, maana askari akizidiwa na moyo hushika karatasi.

"Mzee Harbhajan, Profesa alitia sahihi kupokea kichwa hiki?"

"Alikataa. Kwa sababu ya kovu."

"Kwa hivyo ni mali ya nani?"

Mzee alifikiri, kisha macho yake yakafunguka. "Bado yangu."

"Na wewe unalalamika kwamba umeibiwa?"

"Mimi? Hapana. Hii nilikuwa nailetea Adero. Imechelewa tu miaka sita."

Sheria ilikuwa imeridhika. Saa ya Wakoli ilionyesha saa tisa na nusu, na saa haikuridhika hata kidogo. Aliyaona mapazia ya Milka. Angeomba kichwa kwa saa moja tu, wakibandike pamba tena, Madamu akifunue, kisha kirudi. Hakuna ambaye angeumia.

"Mama Adero," alianza, "ningeomba kukiazima kidogo..."

Yule msichana mkubwa, Awino, aligeuka kutoka mkekani. "Baba anaenda tena?"

Wakoli alifunga daftari.

"Hapana, mama," alisema. "Haendi popote. Lakini mama yako naomba nimwazime, kama atakubali. Kuna mgeni anafaa kusikia jambo hili kwa mwenyewe."

Saa kumi kamili Madamu Roussel, mwanamke wa makamo mwenye kofia ya majani, alishika kitambaa cheupe huku kamera zikiwa tayari. Mkuu wa polisi wa wilaya alisimama mstari wa mbele akimtazama Wakoli kwa macho ya Lokitaung. Profesa alifumba yake. Kitambaa kikainuka, na mfalme wa Ufaransa akaonekana, mrefu, mnene, rangi ya majivu, na utomvu kichwani.

Madamu akauliza jambo kwa Kifaransa, na wasomi sitini wakatazama viatu vyao.

Adero akatoka mbele na aproni yake. Alieleza kwa Kiswahili chake, taratibu, kuhusu mtumbwi, siku tisa, na yago inayovalishwa na kuliliwa. Dakta Jentrix alitafsiri sentensi kwa sentensi, na kwa mara ya kwanza katika kongamano hilo alitumia maneno machache. Alipofika pale pa "itawatosha," alivua miwani, akairudia sentensi.

Madamu aliweka kitambaa chini. Kisha akasema babu yake alipotea vitani mwaka wa 1916, matope yakammeza, na bibi yake alikufa akiwa bado anamwekea sahani mezani kwa sababu hapakuwa na cha kuzika. Akauliza kama mti huo unazaa mwaka mzima. Akauliza kama anaweza kwenda na lile tunda.

"Achukue," Adero alisema. "Lakini mwambie aivalishe kwanza. Haizikwi uchi."

Profesa Ouma alimsogelea, tai yake imepinda. "Samahani, mama," alisema. "Jina lako sikulipata."

"Adero."

"Mama Adero." Akalirudia kwa makini, kama mtu anayejifunza tarehe. "Na ile chai... basi, acha nikuchukulie wewe kiti."

Walipokuwa wakitoka, mkuu wa polisi wa wilaya alimshika Wakoli bega. Madamu alikuwa amempongeza mkuu huyo binafsi, mbele ya Mkuu wa Mkoa, kwa wazo zuri kama lile.

"Lokitaung watapata mtu mwingine," alisema. "Lakini Wakoli, kile kichwa hasa kiko wapi?"

"Kiko nyumbani, afande."

Jioni hiyo, kabla ya kwenda kula ugali na mkewe, Wakoli alikifungua kitabu cha matukio, akautafuta ule ukurasa wa asubuhi, na chini yake akaandika kwa mwandiko wake mzuri: "Kichwa kimepatikana Manyatta. Si cha Luisi. Ni cha Absalom, fundi, wa Usenge. Ametambuliwa na mkewe na wanawe wawili. Jalada limefungwa."